Kundi Moja, Mizinga Arobaini

Paukwa! Pakawa! Nani huyo hakuitika? Haya, uji wake hautiwi asali.

Hapo zamani za kale, Mtemi Nyati aliamua kujenga ukumbi wa kujadilia utunzaji wa misitu. Mbao zingetoka msituni. Hakuna aliyecheka, maana agizo lilikuwa na mhuri.

Msituni humo mama mmoja, Nyamizi, alifuga nyuki, naye alibakiwa na kundi moja tu. Akaenda kwa Mtemi, akaeleza kwamba bila miti hakuna maua, bila maua hakuna nyuki, bila nyuki hata maboga ya Mtemi hayatazaa. Mtemi akaguswa mno, akatunga sheria papo hapo: mti wenye mzinga unaokaliwa na nyuki usikatwe. Karani Ngiri athibitishe kila mzinga kwa sikio lake mwenyewe. Miti mingine yote ikatwe keshokutwa.

Nyamizi akawaita majirani. Wakatoa mizinga mikuukuu, ngoma zilizopasuka, hata kinu cha bibi mmoja, wakavitundika kwenye miti yote arobaini ya msitu ule. Kisha akamwendea Malkia wa nyuki.

"Mama Nyamizi, mimi ni wa kukaa, si wa kukimbia," akasema Malkia.

"Kesho utakimbia, bibi. Ukikaa, keshokutwa huna pa kukaa."

Kulipokucha, Ngiri akaja na ngazi na daftari. Akapanda mti wa kwanza, akatega sikio. Vuuu! Akaandika: unakaliwa. Nyuki wakapita nyuma ya mgongo wake, hao, mti wa pili. Akapanda, akatega sikio. Vuuu! Unakaliwa. Hao, mti wa tatu. Akapanda, akatega sikio. Vuuu! Unakaliwa.

Ikawa hivyo hadi mti wa thelathini na saba. Humo hamkuwa na vuuu. Mlikuwa na kuhema. Nyamizi, aliyeshika ngazi, akaikaza kwa mikono miwili.

Ngiri akachungulia ndani. Akatazama huku, akatazama kule.

"Malkia, mmechoka?"

Sauti nyembamba ikajibu: "Tumechoka, Karani."

Ngiri akawaza. Sheria ilidai sikio lisikie, na sikio limesikia. Akaandika: unakaliwa.

"Imebaki mitatu," akanong'ona. "Nitashuka polepole."

Akashuka. Ugali ungeiva, ukaliwa, na vyombo vikaoshwa, kabla unyayo wake haujagusa ardhi.

Miti yote arobaini ikasimama, na hadithi yangu nayo imesimama hapo.