Lulua na Jini Aliyeramba Picha

Katika mji wa Shamsani, wenye kuta nyeupe na mabustani yasiyo idadi, alitawala Sultani Jamhari bin Nasibu, kijana mwenye moyo mwema, ila masikio yake alikuwa amemwachia waziri wake Shaddadi. Na katika mji huo alikuwako binti mchoraji, jina lake Lulua binti Hamdani, aliyeipenda kakao kuliko dhahabu na marijani. Aliitafuna, na akainywa, na akasaga kokwa na maganda yake akapata rangi za hudhurungi na zambarau na wekundu wa machweo, na kila picha aliyoichora ilinukia.

Siku moja Waziri alimshauri Sultani aikate mikakao yote ya bustani ya kifalme ili pajengwe mazizi ya farasi, na Sultani akaridhia. Lulua aliposikia alikimbia peku mpaka barazani, akapiga magoti, akasema:

“Ewe maulana, nipe siku saba na ukumbi wako, kuta na kuba lake, nikuonyeshe uzuri uliomo katika miti ile. Nikishindwa, shoka la kwanza nitalishika mimi.”

“Siku saba ni zako, binti,” akasema Sultani.

Siku ya kwanza Lulua alichora ukutani, na watu walipoamka usingizi wa adhuhuri, ukuta ulikuwa mtupu. Siku ya pili mambo yakawa yale yale, na Waziri akacheka hadi kilemba kikamlegea. Siku ya tatu Lulua alichora tena, kisha akajificha nyuma ya pazia, na mara akaona jini mkubwa mwenye ndevu za kijani anatoka katika kisima cha uani, akaingia ukumbini na kuanza kuiramba picha. Lulua akamrukia, akazishika ndevu zile kwa mikono miwili.

“Ewe mwizi! Kazi yangu unaila?”

“Niachilie, bibi, unaniumiza!” jini akalia. “Mimi ni Sumburji. Miaka mia tatu nimo kisimani, sili ila kuvu na konokono. Harufu ya rangi yako iliponifikia, akili iliniruka.”

Hasira zikamwisha Lulua, kwani uchu ule aliujua. Akachemsha kakao kwa maziwa na mdalasini na asali, akampa bakuli. Jini akanywa, akafumba macho, machozi yakamtiririka.

“Niamuru, bibi! Nitapepesa jicho mara moja, na kuba lote litajaa picha.”

“La hasha! Picha nitachora kwa mkono wangu. Wewe nibebe tu nifike juu.”

Basi Lulua aliketi katika kiganja cha jini, akachora huku akiimba, maua yanayochipua kwenye shina, na kima waibao matunda, na wanawake waanikao kokwa juani, hata siku ya saba Sultani akaingia na watu wake, wakainua macho, wakanusa. Waziri mwenyewe alimeza mate.

“Nimepita chini ya miti hii tangu utotoni,” Sultani akasema, “na sikuiona hata siku moja. Haikatwi! Nawe Waziri, kuanzia leo utaimwagilia maji. Ama wewe, Lulua, sikuamuru, nakuomba: u radhi kuolewa nami?”

“Ni radhi, maulana, mahari yangu yakiwa bustani ile, na uchoraji wangu nisiuache.”

Ikafanywa harusi ya siku saba, Sumburji akikoroga masufuria, na utajiri ukajaa Shamsani kwa wageni waliokuja kutazama na kuonja. Basi msikilizaji ajue kwamba apendaye kitu kwa dhati, akakitumikia kwa mkono wake mwenyewe, huwafumbua macho hata wafalme. Hayo ndiyo yaliyokuwa, na msimulizi wake amenyamaza.