Ubwabwa wa Jiko Jipya

Hapo zamani, gesi ilipokuwa bado haijaingia majumbani, palikuwa na kiwanda cha majiko ya mafuta ya taa pale Korogwe. Mwenyewe aliitwa Bwana Shekue. Kiwanda kilikuwa na desturi yake. Jiko jipya likibuniwa, linapikiwa ubwabwa, wote wanakula, na aliyekula hana neno tena. Ukiona kasoro, useme kabla ya kutia tonge mdomoni. Ukishameza, umekubali. Msicheke, na nyinyi mna mambo yenu.

Mwaka mmoja kampuni nyingine ikaleta jiko zuri, wateja wakahama. Bwana Shekue akaingiwa na hofu. Akamwita fundi wake, Mhina, akataka jiko la kupampu upepo, lenye moto mkali, litoke kabla ya Ramadhani. Mhina akaliunda. Lakini akamweleza bosi kwamba mpira wa kizibo cha tangi la mafuta unalainika ukikaa na joto muda mrefu, apewe nafasi atafute mwingine. Bosi akasema Ramadhani haimsubiri mtu, na wasipouza mwezi huo kiwanda kinafungwa. Mhina akaogopa kufukuzwa. Akapika ubwabwa kwa mkono wake mwenyewe, ukaiva upesi, wakala, wakashiba, wakapiga makofi.

Palikuwa na Sikudhani, msimamizi wa mauzo. Naye alikula kama wenzake, kisha akaenda na jiko moja nyumbani, akainjika maharage. Wali huiva mara moja, jamani. Maharage yanataka subira. Jiko likaanza kufoka kwenye kizibo. Akalizima. Asubuhi akaja kazini, akanyamaza. Alishakula ubwabwa, angesemaje?

Lori likapakiwa majiko ya kwenda madukani, likabaki kumsubiri dereva. Jiko moja akapewa Mama Zaituni, anayewapikia wafanyakazi. Na siku hiyo mama akainjika nini? Maharage.

Kabla ya chakula cha mchana wakasikia mluzi jikoni. Bosi, Mhina na Sikudhani wakakimbia wote watatu, wakakwama mlangoni. Mama amekaa kwenye kigoda, amekandamiza kizibo kwa kitambaa, mafuta ya moto yanamchuruzika vidoleni.

"Nikiachia kitaruka," akasema. "Fungueni skrubu ya upepo, presha itoke. Iko huku ukutani, mkono wangu haufiki."

Pale pembeni anapenya mtu mmoja tu, na jiko likilipuka, huyo hatoki.

Mhina akasema, "Bosi, mimi nilikwambia ukakataa. Ingia wewe."

Bwana Shekue akasema, "Uliniambia, kisha ukanipakulia. Ungeisukuma ile sahani, ningesimamisha kazi. Jiko ni lako, ingia."

Sikudhani akaanza kulia. Akasema yote, maharage yake, kule kufoka, na jinsi alivyonyamaza. "Lakini desturi ya kutufunga midomo si yangu," akasema. "Mimi niliitii tu."

Mluzi ukapanda. Mama Zaituni akawatazama mmoja mmoja, watu aliowalisha miaka yote.

"Wanangu," akasema, "vidole vinakufa ganzi."

Haya, nyinyi mlioshiba mnaonisikiliza. Mlango uko wazi, na mama bado ameshika kizibo. Yupi kati ya hao watatu alipaswa kuingia? Semeni upesi.