Mtungi wa Shangazi Kobe

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na kuazimana chumvi kama sisi, Nguchiro mmoja aliishi kwenye kilima chenye mawe mengi na mvua haba. Alikuwa mdogo, mwepesi wa miguu, na mwepesi zaidi wa maneno. Jirani yake alikuwa Kobe, mjane asiye na haraka. Nguchiro alimwita shangazi, kwa kuwa ndiye aliyemlisha uji mwaka ule alipofiwa na mama yake.

Kazi ya Shangazi Kobe ilikuwa kutengeneza mvinyo mwekundu. Alichanganya zabibu nyeusi za uani kwake na zambarau zilizoiva mpaka zikapasuka, akatia mdalasini, akazikanyaga taratibu kwa miguu yake mifupi. Kisha aliujaza mtungi, akaziba mdomo wake kwa udongo, akauzika hadi shingoni. Mwaka mzima mtungi ulikaa hapo. Wakubwa wa bondeni, yaani Tembo, Kiboko na Fisi, hawakuwahi kuonja kitu chake. Wao na pombe ya mtama tu. Lakini mwaka huo waliahidi kuja kwenye karamu ya kuufungua mtungi.

"Unajua ninachotaka, mwanangu?" Kobe alimwambia Nguchiro. "Sitaki zawadi zao. Nataka kukaa pale niwasikilize. Huyu aseme ameonja nini, na yule aseme ameonja nini. Mvinyo mmoja, kila ulimi na habari zake."

"Wewe mwenyewe unauonaje, shangazi?"

"Sijauonja. Desturi huijui?"

Nguchiro aliijua. Kwenye kilima kile, mwenye kutengeneza kinywaji hakigusi hata tone mpaka wageni wakae. Hapo ndipo hunywa fundo la kwanza mbele yao, waone hakuna sumu.

Basi siku kumi na mbili kabla ya karamu, habari zikaja kwamba dada yake Kobe anaumwa ng'ambo ya mto. Kobe akafunga kifurushi chake.

"Nitunzie mtungi," akasema. "Usiufunue."

"Shangazi, hata nzi hatatua."

Siku ya tatu, jua la utosi, Nguchiro alikuwa amelala kando ya mtungi. Udongo ulikuwa umepata ufa, na harufu ikamfuata puani. Akajiambia, "Hivi nitalindaje kitu nisichokijua?" Akabandua udongo, pwaa. Akachota kata moja. Gudu gudu gudu, akaimeza yote huku akitazama njia asije akaonekana. Akachota nyingine. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Siku ya nane kata ikagonga chini, ko, ko, na ndani hamkuwa na kitu ila machicha.

Hapo akili ikamrudia, imechelewa kama kawaida yake.

Alikaa akawaza. Sheria ya Tembo ilijulikana: anayewaibia wageni kinywaji chao, au akawanywesha uchafu, anafukuzwa, kilimani na bondeni, aende atakakojua. Halafu akafanya lile alilolizoea, akatafuta ujanja. Akajaza maji mtungini, akatia maua makavu ya rozela yapate wekundu, akatia juisi ya miwa. Kikawa chepesi mno. Akatia pilipili manga konzi mbili. Bado. Akakwangua masizi ya jikoni kwake, akayatia pia, akakoroga, akaziba udongo upya.

Kisha akashuka bondeni mbio.

"Mzee Tembo, shikamoo," akasema. "Nimesikia Kiboko akisema wewe huna ulimi wa kuonja, una pua tu."

"Kiboko kasema hivyo?"

"Mimi simo. Nimesikia tu."

Kwa Kiboko akasema kwamba Fisi anamcheka, eti mtu anayeshinda kwenye tope ataonja nini zaidi ya tope. Kwa Fisi akasema kwamba Tembo anasema mla mizoga hajui tamu wala chungu. Akarudi kilimani akijipongeza, kwa sababu wenye kugombana hawana nafasi ya kuuliza maswali.

Kobe alirudi alasiri ya karamu yenyewe, miguu imejaa vumbi, uso una furaha. Wakubwa watatu walikuwa wameshakaa, kila mmoja kamnunia mwenzake. Nguchiro akachota kibuyu cha kwanza apeleke kwa Tembo.

"Ngoja," Tembo akasema. "Mwenyewe kwanza."

Nguchiro akakigeuza kibuyu, akampelekea Kobe. Katika ujanja wake wote, fundo la kwanza alilisahau.

Kobe akapokea kibuyu kwa mikono miwili. Akafumba macho, akanywa. Alikaa na lile fundo mdomoni muda mrefu. Kisha akafumbua macho, na hakuwatazama wageni. Alimtazama Nguchiro.



Kobe akameza. "Karibuni," akasema. "Ni mvinyo wangu."

Tembo akavuta kwa mkonga, fyoo. "Pilipili," akasema kwa sauti nzito. "Una ukali wa pilipili unaokuja mwishoni. Kazi ya hodari hii."

"Pilipili iko wapi?" Kiboko akamkatiza. "Mimi naonja zambarau mbivu na utamu wa miwa. Tatizo unanywea pua."

"Nyote mmekosa," Fisi akasema akilamba midomo. "Ni moshi. Kama nyama iliyokaa juu ya meko wiki nzima."

"Moshi?"

"Moshi. Onja tena."

Wakaonja tena kuhakikisha, wakabishana, wakaonja tena. Mwingine akataja mdalasini, mwingine akataja ngozi mpya. Jua lilipoanza kushuka mtungi ulikuwa mkavu. Tembo akasimama, akatangaza kwamba mwaka kwa mwaka mvinyo wa bondeni utakuwa huuhuu, usibadilishwe hata kidogo. Wakaondoka wakiendelea kubishana njiani.

Ujanja ulifaulu, wanangu. Wakubwa watatu walikunywa masizi wakayasifu. Lakini Nguchiro hakucheka.

"Shangazi," akasema, "wamefurahi. Umesikia walivyousifu."

"Nimesikia. Wameusifu wako." Kobe alikuwa anavifuta vibuyu kimoja kimoja. "Sasa nikiwapa wangu mwakani, watasema umeharibika."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ungefukuzwa. Nani angekulisha huko?"

Nguchiro akaanza kulia, na kilio chake hakikuwa cha ujanja.  Kobe akamwacha alie, kisha akamsogelea karibu.

"Basi wewe uliyeunywa nieleze," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Ni wewe peke yako duniani uliyeuonja. Ulikuwaje?"

Nguchiro akafungua mdomo. Akajaribu kukumbuka ile kata ya kwanza, na ya pili, na za siku zote zile. Alikumbuka njia aliyokuwa akiitazama. Alikumbuka hofu. Utamu wenyewe haukuwepo kichwani mwake, maana hakuupa nafasi ya kukaa ulimini.

"Sijui, shangazi," akasema. "Nilimeza haraka."

Kobe akaitikia kwa kichwa. Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Msimu uliofuata zabibu ziliiva uani kwake zikaanguka zenyewe, ndege wakazila, na mtungi ukatumika kuwekea maji.

Hadithi naiachia hapo, penye mtungi wa maji, na funzo lake ni hili: anayeiba jasho la mwenzake humnyima mwenzake raha yake, na yeye mwenyewe haipati.