Taarifa Kamili ya Makeke

Paukwa!

Pakawa!

Aliye nyuma asogee, anayetafuna ameze.

Hapo zamani za kale, pimbi waliishi kwenye mwamba mkubwa. Walikula majani bondeni, na mmoja wao alikaa juu kulinda. Akimwona tai, alipiga yowe moja tu: "Tii!" Wote, puruu, mashimoni.

Zamu ikamwangukia Makeke, pimbi mpenda sifa. Akasema, "'Tii' ndiyo nini? Yowe la kifukara! Mimi nitatoa taarifa kamili, yenye adabu."

Akawaimbia. Kwanza salamu kwa wakubwa, kisha sifa za mwamba, kisha hali ya hewa, ndipo adui atajwe. Pimbi wakashangilia. Aliyepiga makofi kuliko wote ni Nyamizi, mama wa mtoto mmoja tu, Kibwe. Na pimbi walikuwa na desturi: mlinzi akisema, hakatizwi.

Basi siku moja, jua la utosini, Kibwe alikuwa bondeni, anatafuna. Makeke akaona kitu angani. Akajikohoza. Khm!

"Enyi wakubwa wa mwamba, shikamooni!"

"Marahaba!" wakaitika, midomo imejaa majani.

"Mwamba wetu, mwamba wa baba zetu..."

Nyamizi akaona kivuli kinapita juu ya nyasi. Kikazunguka. Kikarudi, kikubwa zaidi. Akamkazia macho mlinzi, akaomba kimoyomoyo: Sema basi, Makeke! Sema!

"Leo jua ni kali, upepo ni wa wastani..."

Kivuli kikamfunika Kibwe. Nyamizi aliogopa kuitwa asiye na adabu. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akapasua koo:

"Tii!"

Puruu! Kibwe shimoni. Pimbi wote shimoni. Kucha zikakwaruza jiwe tupu, kwaru! Tai akapaa na hasira, na njaa yake vilevile. Akatazama huku, akatazama kule. Nani kabaki nje? Makeke, kidevu juu, macho kafumba.

"...na sasa, ndugu zangu, nifike kwenye jambo lenyewe..."

Fyuu! Jambo lenyewe likamfikia yeye. Neno "tai" akalitamkia angani.

Nyamizi alimkumbatia Kibwe, akamlilia na Makeke pia, maana makofi yale aliyapiga yeye. Tangu siku hiyo, mlinzi wa pimbi hupiga yowe moja tu.

Wanangu, nanyi wakubwa mnaopenda hotuba, sikieni: lenye haja lisemwe kwanza, tena kwa ufupi. Mapambo hayaokoi mtu.

Hadithi yangu inakomea hapa. Nikiirefusha, tai atanikuta nje.