Bwawa Lililovuja kwa Makusudi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa na mashamba, majembe na majirani wa kugombana nao, Kifaru alilima kunde bondeni. Alizimwagilia kwa maji ya kisima chake.

Mwaka huo kisima kilikuwa kikishuka. Kifaru alitumbukiza ndoo, kamba haikufika majini. Akaiunga. Baada ya siku chache haikufika tena. Akaiunga tena.

"Baba Pembe," mkewe akasema, "hii sasa ina mafundo mengi kuliko kamba yenyewe."

"Hodi! Hodi hapa!"

Alikuwa Nguchiro, jirani yao mdogo mwenye miguu isiyotulia. Naye alikuwa na kisima, na chake kilikuwa na kina kifupi kuliko vyote.

"Shikamoo, mjomba Kifaru! Nakusanya mchango. Kila mwenye kisima atoe gunia la mtama, tuwalipe ngiri watuchimbie bwawa kule juu, kwenye mchanga wa korongo."

"Marahaba. Bwawa la nini?"

"La kunywesha visima."

Kifaru akajikuna sikio. "Kisima kinakunywa?"

"Kinakunywa sana, mjomba! Chako huoni kina kiu?"

Kifaru hakuelewa. Lakini kunde zilikuwa zimetoa maua, na maua yalikuwa yakipukutika kwa ukavu. Akalitoa gunia lake la mwisho. Kuanzia hapo, kunde zile zikifa, mwanawe Pembe hana cha kula.

Nyati, jirani wa ng'ambo ya pili, naye akatoa gunia. Ngiri wakachimba, chaku! chaku! chaku! mpaka bwawa likawa pana kama uwanja wa ngoma.

Mvua ikanyesha milimani. Bondeni halikudondoka hata tone, lakini maji yakashuka korongoni yakinguruma, bwawa likajaa pomoni.

"Tumepona!" Nyati akapiga kelele.

Siku chache baadaye wakarudi kulitazama. Loo! Bwawa tupu! Mchanga mtupu, na chura mmoja akishangaa.

"Maji yamekwenda wapi?" Kifaru akauliza.

"Usiniulize mimi," Nyati akasema. "Mimi sina hata kikombe."

Wakamwendea Nguchiro.

"Bwawa linavuja!" Kifaru akafoka.

"Linavuja vizuri sana," Nguchiro akajibu akitabasamu. "Ndiyo kazi yake. Maji yanapita chini kwa chini, yanakwenda visimani."

Kifaru alisikia kila neno, wala hakuelewa hata moja. Bwawa zuri ni lile linalovuja? Je, na sufuria nzuri ni ile iliyotoboka?

Nyumbani mkewe akamwambia, "Leo kamba imebaki kidogo mkononi."

"Niache, mama! Tumeibiwa, nawe unanieleza habari za kamba!"

Kesho yake Kifaru na Nyati wakapanda korongoni. Wakabeba udongo wa mfinyanzi, wakaumwaga bwawani, wakaukanyaga, pu! pu! pu! Kisha wakajigaragaza mpaka chini pakawa laini kama chungu.

Mvua ya pili ikanyesha milimani. Safari hii maji yalitulia tuli, yakimeta. Nyati akaoga mpaka masikioni.

"Sasa hili ndilo bwawa!" akasema.

Kifaru naye akaoga, akarudi nyumbani akiimba. Akatumbukiza ndoo kisimani. Akasikiliza.

Kwaru! Ndoo imegonga jiwe.

Akatazama juu korongoni: maji tele. Akatazama kisimani: matope. Akabeba ndoo mbili akayafuata maji ya bwawani, lakini njia ni ndefu na Kifaru hutembea kwa kishindo. Alipofika shambani, ndoo zilikuwa na maji ya kunawa kidole. Kunde zilikuwa zimeinamisha vichwa.

Akamwendea Nguchiro. "Sielewi," akasema. "Nguchiro, mwanangu, sielewi kabisa! Tuna maji, na hatuna maji!"

Nguchiro alimtazama. Kueleza alikwishaeleza. Akashusha sauti.

"Mjomba, nimemwona mwizi."

"Yuko wapi?"

"Amejificha chini ya bwawa. Ule udongo ndio blanketi lake!"

Kumbe angesema hivyo mapema! Kifaru akamwita Nyati, wakapanda mbio. Wakatumbukia bwawani, huyu kwa pembe, yule kwa kwato. Wakaufukua udongo wote, wakautupa mbali, mpaka wakaufikia mchanga.

Glu! Glu! Glu! Maji yakaanza kuzama.

"Anatoroka!" Nguchiro akapiga yowe. "Nyati, linda hapa! Mjomba, nifuate!"

Akashuka mbio, akilaza sikio chini kila mahali.

"Kapita hapa! Shii! Kakata kona! Anashuka!"

Kifaru akamfuata akihema, mpaka kwenye kisima. Kisima gani? Chake mwenyewe.

"Mwizi... kwangu?"

"Yuko njiani anakuja. Ni mzito, hutembea polepole. Mvizie."

Basi Kifaru akakaa kisimani na rungu, siku baada ya siku. Asubuhi moja mkewe akaja kuteka.

Chubwi!

"Baba Pembe! Nusu ya kamba ninayo mkononi!"

Kifaru akaruka na rungu. "Yuko wapi?"

"Huyo ndani ya ndoo," Nguchiro akasema kutoka ukingoni. "Mpige, mjomba."

Kifaru akachungulia. "Haya ni maji."

"Ya bwawani."

"Yaliyoibwa?"

"Yaliyotembea kuja kwako."

Kifaru akaketi chini, puu! "Kwa hiyo nilipoziba... nilimfungia njia mgeni wangu mwenyewe? Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mjomba. Lakini nilipotaja mwizi ndipo ukaamini bila kuuliza swali hata moja."

Mke wa Kifaru akaangua kicheko. Kifaru hakucheka. Alibeba ndoo, akaimimina kwenye shina la kwanza la kunde, akarudi kuteka nyingine.

Mara Nyati akatokea akihema. "Ndugu yangu! Mwizi sijamwona, na bwawa limekauka tena! Twende tukakanyage udongo!"

Kifaru akainua rungu. "Thubutu!"

Nyati akabaki mdomo wazi, zamu yake ya kutoelewa imefika.

Nanyi watoto wangu, kabla hamjaziba tundu, ulizeni kwanza maji yanakwenda kwa nani.