Nani Ashonewe V ya Tatu

Wekeni ungo chini, mchele hautakimbia. Nina kesi hapa, na kesi yangu haitaki watu wanaopepeta. Atakayenikatiza atanichotea maji wiki nzima, na bomba la kota hizi mnalijua lilivyo.

Mimi ni konstebo wa kaunta pale kituoni, mwaka wa kumi na tisa huu. Nyuma ya kaunta yangu kuna ua wa saruji, na ua ule una milango mitatu: usalama barabarani, upelelezi, na kikosi cha mbwa. Kila mlango una koplo wake. Siwapendi hata mmoja, lakini kila mmoja ana kipaji ambacho sijakiona kwa mwingine.

Koplo Lugome wa usalama barabarani ni mama asiyesahau gari. Likimpita mara moja, baada ya miaka miwili atakwambia taa ipi ilikuwa imepasuka na dereva alivaa shati gani.

Koplo Chilewa wa upelelezi anausikia uongo. Hapigi mtu, hafoki. Anakaa na wewe anakunywa chai yake, na ukidanganya anaweka kikombe chini. Nimeona wezi sugu wakikiogopa kikombe kile kuliko pingu.

Koplo Mahemba ana mbwa anaitwa Radi. Naona mmeanza kucheka, mnasema kipaji ni cha mbwa. Haya, mchukueni nyie. Aliwahi kukabidhiwa askari mwingine akalala siku tatu bila kunyanyua kichwa. Ni Mahemba peke yake anayejua mkia ule unasema nini.

Sasa ubaya wao. Hawa watu hawasemeshani. Chilewa alimripoti Lugome kwa kuchelewa paredi siku aliyotoka kumzika mama mkwe wake. Radi aliyakojolea mafaili ya Chilewa, na Chilewa akaandika barua mkoani mbwa ahamishwe. Mahemba naye alisikia kwamba Lugome anawaambia watu yeye na mbwa wake wananuka sawasawa. Tangu hapo, mwaka wa tatu sasa, mmoja akitaka neno kwa mwenzake hutafuta mtu wa katikati: "Mwambie huyo." Na huyo mwenyewe amesimama hatua nne tu, anasikia kila kitu, ila hajibu mpaka mtu wa katikati amrudie maneno yale yale.

Mkuu wetu wa kituo, Afande Mbelwa, badala ya kuwaita akawakemea, alitundika bango pale kaunta: Kitengo Bora cha Mwezi. Eti wakishindana kazi itachangamka. Kilichochangamka ni kufuli. Kila kitengo kikafungia daftari lake ndani.

Ijumaa ya gulio, saa sita mchana, Mama Tunu anayeuza karanga alinijia kaunta ameshika kandambili moja ya mtoto. Tunu wake, miaka mitatu, alikuwa amekaa chini ya meza. Mama amegeuka kumfungia mteja karanga, kurudi hayupo. Afande alikuwa mkoani kwenye mkutano. Nikaipeleka taarifa milango yote mitatu, na Lugome nikamwita kwa redio, maana alikuwa barabarani.

Mahemba alimnusisha Radi ile kandambili. Mbwa akatoka kwenye meza ya karanga, akapita kwa wauza mitumba, akafika nyuma ya choo cha soko, akakaa. Pale palikuwa na alama za matairi na biskuti iliyomegwa. Mahemba akajua mtoto amepakiwa kwenye gari. Gari gani, hakujua.

Chilewa alikaa na mama muuza ndizi wa meza ya jirani, aliyeapa kwamba hakuona kitu. Akaweka kikombe chini. Yule mama akalia, akasema aliyempa Tunu biskuti ni shemeji yake, Madinda, mwenye Noah nyeupe, na alinyamaza kwa kuogopa kuivunja ndoa ya dada yake. Chilewa akajua mtu na gari lake. Ameelekea wapi, hakujua.

Lugome alikuwa ameliona gari lenyewe. Noah nyeupe, kioo cha nyuma kimezibwa na nailoni, ikikata kona kuelekea machimbo ya kokoto. Ilimshangaza, kwa sababu siku ya gulio machimbo hayana mtu, akaiandika kwenye daftari lake. Kwamba gari hilo linahusiana na Tunu, hakujua.

Saa saba wote watatu wako kituoni, kila mmoja amejifungia na kipande chake. Nikagonga milango. Nikafukuzwa yote mitatu. "Kaunta ikae kaunta," Chilewa aliniambia, na nyuma ya mlango nikasikia anaandika. Nikarudi kukaa. Ndiyo, nilirudi kukaa. Usinitazame hivyo.

Ndipo Mama Tunu akainuka kwenye benchi. Akaanza na mlango wa mbwa.

"Baba, umeona nini?"

"Nimeona, lakini mwambie huyo wa upelelezi kwanza aifute ile barua yake."

Akavuka ua kwa Chilewa.

"Mwambie huyo wa mbwa alete maelezo kwa maandishi. Na mwambie huyo mama wa trafiki, daftari la magari nalitaka mezani kwangu."

Akavuka kwa Lugome.

"Mwambie anayelitaka aje mwenyewe aniombe. Anajua alichonifanyia."

Yule mama alivuka ua ule kwenye jua, miguu mitupu, nikamhesabia mara kumi na moja, na kila safari akichomoa kineno kimoja. Safari ya kumi na moja hakugonga. Alisimama katikati ya saruji akayasema yote kwa sauti moja, bila kumtazama mtu: ni gari, ni Noah nyeupe ya Madinda. Lugome akafungua mlango. Akasema, kwa Mama Tunu, si kwa wenzake, "Waambie ipo machimboni." Ilikuwa saa tisa.

Wakapanda gari moja, Mama Tunu katikati. Mimi ndiye niliyeendesha, na nawaapia, njia nzima ilikuwa "mwambie asogee", "mwambie amshike mbwa wake".

Noah tuliikuta imeegeshwa, Madinda amekaa kivulini akimngoja mtu waliyepatana kwamba atamkabidhi mtoto. Mtu huyo alitaka kumpeleka wapi mtoto sitawaambia, kuna watoto hapa. Alisema hajui mtoto yeyote. Machimbo yale yana vibanda vya mabati zaidi ya thelathini, vingi vina kufuli. Radi alivipita kumi na sita, akasimama mbele ya kimoja bila kubweka. Mahemba akautazama mkia, akavunja mlango. Ndani mlikuwa na joto la tanuri. Tunu alikuwa amelala kwenye mifuko ya saruji, midomo imekauka, haitiki jina lake.

Amepona. Lakini daktari alituambia, tukiwa tumesimama wote pale, kwamba nusu saa nyingine tungekuta mengine.

Sasa mtanziko wenyewe. Mkoa umefurahi, umetoa nafasi moja ya kozi ya usajenti. Moja. Makoplo wangu wana V mbili mbili begani, sajenti huvaa tatu, na kwa umri wao hii ndiyo mara ya mwisho. Atakayeikosa atastaafu na V mbili. Fomu ina mstari mmoja wa jina la askari aliyefanikisha kupatikana kwa mtoto. Ukirudi mtupu, nafasi inakwenda wilaya nyingine.

Afande aliwaita wote ofisini kwake, mimi nikisimama mlangoni.

"Bila mimi mngekwenda machimboni kufanya nini?" alisema Lugome. "Mngekuwa bado mnazunguka gulio."

"Na bila mimi ungeitafuta Noah ipi?" alisema Chilewa. "Ziko ngapi mji huu?"

"Na bila mimi," alisema Mahemba, "mngefungua vibanda thelathini mtoto anakata roho."

Hapo walikuwa wanasemeshana, mnaona? Kwa V walipata ulimi.

Afande akawatoa nje. Akaniambia, "Wewe uliona yote. Jaza jina, Jumatatu saa mbili asubuhi liwe mezani kwangu." Mwoga mkubwa yule. Bango alitundika yeye, jina niandike mimi.

Leo baada ya kanisa nimepita kwa Mama Tunu. Mtoto anacheza, anakula. Ila mlango wa pale haufungwi. Ukiusogeza tu, anapiga kelele mpaka anaishiwa pumzi. Wanalala mlango wazi, mama amekaa kizingitini na panga.

Nikamwuliza, mama, nimwandike nani?

Akaendelea kumenya karanga zake. Kisha akasema, "Hao watatu wamenirudishia mwanangu, Mungu awabariki. Na hao watatu mwanangu aliwalilia saa mbili kwenye bati wakati mimi nawabebea maneno. Andika unayemtaka. Lakini ukimwandika, andika na zile saa mbili zilikuwa za nani. Na wewe uliyekaa kaunta ukanihesabia, jiandike mahali."

Nimerudi nimekaa na hii karatasi tangu mchana.

Basi hii hapa, shikeni muione, msiipake mafuta. Lugome aliyeijua njia? Chilewa aliyemjua mtu? Mahemba aliyeujua mlango? Au niache mstari mtupu, wote watatu wazeeke na V zao mbili, na V ya mtoto huyu ashonewe askari wa wilaya nyingine asiyemjua hata jina?

Kalamu ninayo. Kesho saa mbili si mbali. Wewe uliyekuwa unacheka habari ya mbwa, anza wewe: ungeandika jina la nani?