Mbwa Aliyeitwa Tutaona

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba. Itikeni kama wenye njaa, maana ngano ya leo ina njaa ndani yake. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogezeni kuni, nami nisogeze maneno.

Zamani, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwasikia, palikuwa na mkulima mmoja chini ya milima, jina lake Senkondo. Alikuwa na mke, Namkunda, mwenye mimba ya kwanza, na alikuwa na mbwa mzee, Chonjo. Senkondo na Chonjo waliwinda kindi miaka tisa. Chonjo akibweka chini ya mti, Senkondo anakuja na upinde, anatazama juu, anamwona kindi, anafuma. Kila mara anamwona. Akajisifu kijiji kizima kwamba hakuna mwenye jicho kama lake, na watu wakachoka kumsikia.

Mwaka huo Chonjo akafa. Senkondo alimlilia kama ndugu. Kisha akaenda kwa jirani, akapewa mtoto wa mbwa, mwembamba, masikio makubwa kuliko kichwa. Watu wakamwuliza kama huyo naye ataweza kuwinda. Akajibu, tutaona. Jina likawa hilo hilo, Tutaona.

Mvua zikaanza. Senkondo alikuwa na vibuyu vitatu vya mbegu ya mahindi, vimetundikwa darini juu ya meko, vinakula moshi ili wadudu wasiingie. Akashusha kibuyu cha kwanza, akapanda. Hatua moja, shimo. Hatua moja, shimo. Hatua moja, shimo. Asubuhi akakuta shamba limefukuliwa, hakuna hata punje. Kumbe Kindi alikuwa mtini akizitazama hatua zake, akashuka akafuata nyuma. Hatua moja, punje. Hatua moja, punje. Hatua moja, punje.

Akashusha kibuyu cha pili, akapanda. Yakawa yale yale.

Kikabaki kimoja. Namkunda akakaa chini yake, mkono tumboni, akasema, "Baba, hicho nacho kikiliwa, mtoto huyu atazaliwa kwenye nyumba isiyo na unga."

Senkondo akaapa kwamba hatagusa kibuyu mpaka amtie Kindi mkononi. Lakini mvua ile ilikuwa fupi. Zilibaki siku tatu za kupanda, siku ya nne mbegu ingekuwa imechelewa.

Siku ya kwanza akatoka na Tutaona. Mbwa akanusa, akakimbia, akasimama chini ya mkuyu akabweka. "Yuko huku, baba. Nimemnusa, nimemwona, amepanda." Senkondo akaja mbio, akasimama pale aliposimama mbwa, akatazama juu. Majani tu. Akatazama mpaka shingo ikamuuma, kisha akamwambia Tutaona kuwa ni mwongo, wakarudi nyumbani.

Na Kindi je? Kindi alikuwa amekumbatia shina, upande wa pili, mkia ameukunja. Akajisemea, "Mwenye upinde yuko mbele, mwenye mkia yuko nyuma."

Siku ya pili wakatoka. Mbwa akanusa, akakimbia, akasimama chini ya mkwaju. "Yuko huku, baba. Nimemnusa, nimemwona, amepanda." Senkondo akaja mbio, akasimama pale pale penye mbwa, akatazama juu. Matawi tu. Safari hii alimpiga mbwa kwa upinde, na jioni hakumpa ugali. Tutaona akalala kizingitini na njaa yake, akaanza kuishuku pua yake mwenyewe. Jamani, ni vibaya kuadhibiwa kwa kosa. Kuadhibiwa kwa kusema kweli ni vibaya zaidi, maana hujui kesho useme nini.

Na Kindi, upande wa pili wa shina, alikuwa amejisemea, "Mwenye upinde yuko mbele, mwenye mkia yuko nyuma."

Siku ya tatu Senkondo aliondoka na hasira, hata uji hakunywa. Alimfunga Tutaona kamba shingoni, akamwambia kwamba akidanganya tena, jioni kamba hiyo itakuwa mkononi mwa wachoma mkaa na nyumbani hatarudi. Wakafika kwenye mvule mkubwa. Mbwa akanusa, akaivuta kamba ikamponyoka bwana wake, akakimbia. Alipofika kwenye shina akabweka, lakini sauti ilikuwa ndogo. "Yuko huku, baba. Nimemnusa, nimemwona. Nadhani amepanda."

Senkondo akasimama pale pale, akatazama juu. Gome tu. Akainama kuiokota kamba.

Sasa sikilizeni. Kwa watu wale, mwanamke mwenye mimba hakwenda kwenye windo, mshale usije ukakosea njia. Lakini Namkunda alijua mume wake hajanywa uji, na mume mwenye njaa ni mzigo mzito kuliko kibuyu cha uji. Akakibeba, akapita njia ya mtoni, na njia hiyo ilitokea nyuma ya mvule. Akainua macho. Kindi huyo, amekumbatia shina, wanatazamana.

"Baba," akasema, "iache kamba. Mbwa wako hasemi uongo. Huyu hapa upande wangu, namwona hata meno."

Akaweka uji chini, akapiga makofi. Kindi akashtuka, akazunguka shina mbio, akatokea upande wa Senkondo. Mshale ukatoka. Kindi akaanguka mbele ya Tutaona, na mbwa yule hakujua amng'ate au amlambe.

Namkunda akauliza, "Chonjo enzi zake alikuwa akisimama wapi?"

Senkondo akafikiri. Chonjo alikuwa akibweka, bwana wake akifika, yeye anamwacha pale na kwenda zake nyuma ya mti. Miaka tisa.

"Nilidhani anakwenda kukojoa," akasema.

Namkunda akacheka mpaka akashika tumbo. Senkondo hakucheka. Aliona aibu, aibu kubwa. Lile jicho alilojisifia kijiji kizima, nusu yake ilikuwa miguu ya mbwa mzee, naye hakuwahi kumshukuru. Akachuchumaa, akaifungua ile kamba.

"Umesema kweli mara tatu," akamwambia Tutaona, "nami nimekuita mwongo mara tatu. Nisamehe, mwanangu."

Desturi yao, mbwa hupewa utumbo na mwenye mshale hula ini. Siku ile ini alilila Tutaona, na uji akaunywa nusu. Mchana huo huo wakashusha kibuyu cha tatu wakapanda, na mahindi yakaota yote. Mtoto akazaliwa wakati wa mahindi ya kuchoma.

Mtauliza kama Tutaona alijifunza kwenda nyuma ya mti. Wala hakujifunza. Alipenda mno kusimama miguuni mwa bwana wake. Aliyejifunza ni Senkondo. Tangu siku ile mbwa akibweka naye asione kitu, anazunguka mti taratibu.

Kindi naye hakuacha: mpaka leo akikuona hujificha nyuma ya shina. Na ndiyo maana mbwa mchanga akibweka, hugeuka akakutazama usoni. Anauliza kama leo utamwamini.

Basi ngano yangu imefika nyumbani, imeketi. Funzo lake ni hili: kabla hujamwita mtu mwongo, zunguka uone anachokiona. Na nani amekula ule muhogo niliouchomeka kwenye majivu? Msinijibu. Nazunguka moto sasa hivi, nitaona mwenyewe midomo ya nani ina masizi.